Mbona Picha Moja Yang'aa Huku na Kufifia Kule?

Siku hizi hakuna arusi, ubatizo wala maziko yasiyopigwa picha. Hapa Bambu, na katika parokia zote za Ituri, mwenye simu ni mpiga picha, na mwenye kompyuta ni fundi wa kuzitengeneza. Picha hutoka kwa fundi ikiwa nzuri: uso wa bibi arusi waonekana wazi, shela nyeupe imekaa sawa, na nyuma yake twaviona vilima vyetu. Kisha picha ile ile yatumwa Bunia kwa mjomba, naye asema, "Mbona ni giza tupu?" Yatumwa Kampala kwa shangazi, naye asema, "Mbona imepauka hivi?" Fundi alaumiwa na pande zote mbili, wala hakuigusa tena tangu alipoituma. Je, ni nani asemaye kweli?

Wengi hujibu upesi kwamba simu ya mmoja ni mbovu. Pengine ndivyo. Lakini mara nyingi simu zote ni nzima, macho yote ni mazima, na picha yenyewe haikuguswa na mtu njiani. Sababu yake ni ndefu zaidi, nayo ina historia ya miaka zaidi ya mia moja. Twataka kuifuata historia hiyo hatua kwa hatua, maana ndani yake mna jambo linalotuhusu sana sisi, watu wa nyuso nyeusi.

MIZANI NA DHAHABU

Tuanze na jambo linalojulikana na kila mtu wa nchi hii. Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannan na O'Brien, waligundua dhahabu katika nchi ya Kilo. Baadaye jina la Kilo likaunganishwa na la Moto, likasikika mpaka Ulaya, na Bambu ikawa makao ya migodi ya Kilo. Tangu siku hizo wazee wetu walijifunza kwamba dhahabu haina bei mpaka imewekwa katika mizani. Mchimbaji apeleka punje zake kwa mnunuzi wa kwanza, mizani yasema hivi. Azipeleka kwa wa pili, mizani yasema vingine. Dhahabu haikupungua njiani. Kilichobadilika ni mizani, na kile kilichowekwa upande wa pili: huyu atumia sarafu, yule njiti ya kiberiti.

Picha ya kompyuta ni kama dhahabu ile. Ndani ya simu hamna wino wala rangi, mna namba tu. Picha imegawanyika katika vidoa vidogo sana, maelfu kwa maelfu, na kila kidoa kina namba tatu: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Namba 0 ni giza kabisa. Namba 255 ni mwanga wote ambao kioo cha simu chaweza kuutoa. Tukiituma picha bila kuibadili, namba hizo zafika Kampala kama zilivyotoka Bambu. Lakini namba si mwanga. Kioo cha simu au cha kompyuta ndicho kinachogeuza namba kuwa mwanga, na kila kioo chageuza kwa mizani yake.

Basi, swali letu la leo ni hili: mizani hizo zilitoka wapi, na kwa nini hazikulingana?

SAHANI ZISIZOONA NYEKUNDU

Shida ya mwangaza wa picha haikuanza na kompyuta. Wapiga picha wa kwanza walitumia sahani za kioo zilizopakwa dawa yenye chumvi za fedha. Dawa hiyo iliuona vizuri mwanga wa buluu, lakini nyekundu haikuiona hata kidogo. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba rangi fulani zikichanganywa katika dawa huifanya ione kijani pia. Hata hivyo miaka mingi ilipita kabla ya sahani na filamu zinazoona rangi zote kuenea kwa watu.

Sasa tufikiri. Ngozi yetu ya hudhurungi hurudisha mwanga mwekundu kwa wingi kuliko wa buluu. Udongo mwekundu wa njia zetu hali kadhalika. Sahani isiyoona nyekundu ilichukua uso wa mtu wa kahawia ikauandika kama mkaa, na udongo mwekundu ikauandika kama tope jeusi. Mbingu ya buluu, kinyume chake, ilitoka nyeupe kama karatasi. Mtu wa Ulaya aliyetazama picha ile alidhani ameiona Afrika kama ilivyo. Hakujua kwamba sahani ilikuwa na upofu wake.

Hayo yafaa kukumbukwa tunapotazama picha za kale. Toka mwaka 1909 hadi 1915 Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho ya viumbe la New York, walisafiri pande zetu za kaskazini mashariki ya Kongo. Walipita Avakubi juu ya mto Ituri, Medje na Faradje, na Lang alipiga maelfu ya picha. Kule Zanzibar walikuwapo tangu karne ya 19 Wagoa kama A. C. Gomes na ndugu Coutinho, waliofungua vyumba vya picha. Kule Léopoldville Mpolandi Casimir Zagourski alikuwa na chumba chake tangu mwaka 1924 hadi alipofariki mwaka 1944. Kila mpiga picha wa nyakati zile alipaswa kuamua: nitoe uso wa mtu, au nitoe kanzu yake nyeupe? Maana kupata vyote viwili katika sahani moja ilikuwa kazi ngumu.

Mwaka 1890 wataalamu wawili waliokaa Widnes, Uingereza, walitaka kukomesha kubahatisha huko. Mmoja ni Ferdinand Hurter, mwanakemia mzaliwa wa Uswisi, na wa pili ni Vero Charles Driffield, mhandisi. Walipima ni mwanga kiasi gani ulioingia katika sahani, na ni weusi kiasi gani uliotokea baada ya kuoshwa. Wakachora matokeo yao kama njia inayopanda kilima. Mteremko mkali maana yake ni picha yenye tofauti kubwa ya giza na mwanga. Mteremko wa taratibu maana yake ni picha laini. Ukali wa mteremko huo waliuita kwa herufi ya Kigiriki, gamma. Tulishike neno hili, tutalikuta tena mbele.

SANDA YA TORINO NA TAA YA MISIONI

Wakristu wengi wamesikia habari ya Sanda ya Torino. Usiku wa tarehe 28 Mei 1898 Secondo Pia, mwanasheria Mwitalia, aliipiga picha. Alipoiosha sahani yake alistaajabu. Katika sahani za kawaida, giza hutokea mahali pa mwanga, na mwanga mahali pa giza, hata uso wa mtu haufahamiki vizuri. Katika sahani ya Pia uso ulitokea wazi kuliko unavyoonekana katika kitambaa chenyewe. Hatuingii hapa katika swali la asili ya Sanda. Kanisa lenyewe halimlazimishi mtu katika jambo hilo. Twataka kuonyesha tu kwamba macho yetu hayasomi mwanga wenyewe, husoma mpango wa mwanga na giza. Ukigeuzwa mpango, kilichofichika chaweza kuonekana, na kilichoonekana chaweza kupotea.

Zamani zile picha hazikuonekana katika karatasi tu. Mapadre na wachungaji walizionyesha kwa taa ya maonyesho: sahani huwekwa mbele ya taa, na picha yake hutupwa ukutani au katika shuka nyeupe. Hapo mwangaza ulitegemea taa, mafuta yake, umbali wa shuka, na giza la chumba. Sahani moja ilionyesha mambo yote katika ukumbi mmoja, na nusu tu katika ukumbi mwingine.

Wala si mchezo. Mwezi wa Mei 1904, kule Baringa, Bibi Alice Seeley Harris, mmisionari Mprotestanti, alipiga picha ya baba mmoja, Nsala wa Wala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa kwa taa mbele ya mikutano ya watu huko Uingereza na Marekani, nazo zilisaidia kuamsha dunia dhidi ya utawala wa mfalme Leopold wa Pili, hata mwaka 1908 Kongo ikatolewa mikononi mwake ikawa koloni la Ubelgiji. Kama mkono ule mdogo ungalipotea katika giza la sahani, nani angaliamini?

KADI YA MWANAMKE MZUNGU

Ikaja picha ya rangi. Mwaka 1954 serikali ya Marekani iliibana kampuni ya Kodak isiendelee kuuza filamu pamoja na gharama ya kuiosha, hata maabara nyingine zipate kazi hiyo. Kodak ikauza mashine za kuchapa picha, na pamoja nazo ikapeleka kadi ya kulinganishia. Katika kadi hiyo alikuwamo mwanamke mweupe aliyevaa nguo za rangi kali. Wa kwanza aliitwa Shirley, naye alikuwa mtumishi wa kampuni hiyo. Baadaye wanawake wengine walishika nafasi yake, lakini kadi ziliendelea kuitwa kwa jina lake. Fundi wa maabara alipopata mashine mpya alichapa picha ya Shirley, akailinganisha na kadi. Ngozi yake ikionekana sawa, alisema mashine iko sawa.

Basi mashine iliyowekwa sawa kwa ajili ya uso wa Shirley iliendelea kuchapa nyuso za watu wote wa dunia. Mtu mweusi alipokaa kando ya mtu mweupe, mmoja alitoka na mashavu, pua na tabasamu. Mwingine alitoka meno na macho tu. Mama wengi waliona picha za watoto wao za shule wakanyamaza, wakidhani ndivyo walivyo.

Na nani aliyeilazimisha Kodak kuitazama shida hiyo? Watumishi wa zamani wa kampuni wamesimulia kwamba wenye viwanda vya meza na viti, na wa chokoleti, ndio walionung'unika kwamba filamu haikutofautisha mbao nyeusi na nyeusi zaidi, wala chokoleti ya aina hii na ile. Katika miaka ya 1980 filamu zilizotengenezwa upya zikaanza kuona vizuri zaidi rangi za giza. Katika miaka ya 1990 ikatoka kadi mpya yenye wanawake watatu wa rangi mbalimbali. Yaani meza na chokoleti zilisikilizwa kabla ya uso wa mwanadamu. Jambo hili lafaa kutafakariwa na kila Mkristu.

GAMMA YARUDI KATIKA KOMPYUTA

Wakati huo huo chombo kingine kilikuwa kimezaliwa. Mwaka 1897 Mjerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza bomba la kioo ambamo mwali wa umeme hupiga dawa ing'aayo. Bomba hilo ndilo lililokuja kuwa kioo cha televisheni, na baadaye cha kompyuta. Wakatoliki walikipokea chombo hicho kwa furaha, hata mwaka 1958 Papa Pius XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Assisi kuwa msimamizi wa televisheni. Yasimuliwa kwamba usiku mmoja wa Noeli, akiwa mgonjwa kitandani, Klara aliiona Misa iliyokuwa ikisomwa mbali naye.

Bomba la Braun lilikuwa na tabia yake. Ukilipa nusu ya umeme, halikutoa nusu ya mwanga. Lilitoa karibu sehemu moja ya tano tu. Giza lilizidi kuwa giza. Wahandisi walipima tabia hiyo, wakaiita kwa jina lile lile la Hurter na Driffield: gamma. Ili televisheni za nyumbani ziuzwe rahisi, dawa yake ilitiwa upande wa kituo: kituo kilitengeneza picha iwe na mwanga zaidi kabla ya kuirusha, na bomba la nyumbani likaigandamiza tena mpaka ikakaa sawa. Huko Marekani, kanuni ya televisheni ya rangi ya mwaka 1953 ilihesabu gamma ya 2.2.

Zilipokuja kompyuta, watu hawakukubaliana. Macintosh za kampuni ya Apple, zilizoanza kuuzwa mwaka 1984, kwa miaka mingi zilifuata gamma ya 1.8, ili kioo kifanane na karatasi iliyotoka katika mashine ya kuchapa. Kompyuta nyingine nyingi zilikaa karibu na 2.2. Mwaka 2009 ndipo Apple nayo ilipohamia 2.2. Miaka ile yote, picha iliyotengenezwa vizuri katika Macintosh ilionekana nyeusi katika kompyuta ya jirani, na iliyotengenezwa kwa jirani ilionekana imepauka katika Macintosh.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme mwanga wote wa kioo ni 100. Kidoa chenye namba 128, yaani karibu nusu ya 255, chatoa mwanga wa 22 katika kioo cha gamma 2.2, na wa 29 katika kioo cha gamma 1.8. Tofauti yaonekana. Sasa tuchukue kanzu nyeupe ya Padre, yenye namba 240. Katika kioo cha kwanza yatoa 87 na nusu, katika cha pili 90. Hakuna atakayeona tofauti. Lakini tuchukue uso mweusi uliopigwa kivulini, wenye namba 60. Katika kioo cha kwanza watoa 4, katika cha pili zaidi ya 7. Karibu mara mbili!

Mwaona, wasomaji? Vioo viwili vyaweza kupatana kabisa juu ya kanzu, visipatane juu ya uso. Mwenye uso mweupe hapotezi mengi vioo vikitofautiana. Mwenye uso mweusi ndiye anayepotea au kupauka. Ndiyo maana kwetu sisi jambo hili si la mafundi peke yao.

NGUVU YA MSHUMAA NA UDHAIFU WA JICHO

Gamma si sababu pekee. Kuna pia nguvu ya taa iliyo nyuma ya kioo. Wazee walipima mwanga kwa mshumaa. Mwaka 1860 sheria ya Uingereza iliamuru mshumaa wa kipimo uwe wa mafuta ya nyangumi, sita zifanye ratili moja, na uwake kwa kiasi kilichowekwa cha mafuta kila saa. Tangu mwaka 1948 kipimo cha mataifa huitwa candela, neno la Kilatini ambalo maana yake ni mshumaa, lile lile tunalolifahamu katika ibada zetu. Mwanga wa kioo huhesabiwa kwa candela katika mita moja ya mraba. Kanuni moja ya kompyuta, tutakayoitaja punde, ilifikiri kioo cha candela 80. Simu nyingi za leo zaweza kupita 1,000 juani, na usiku zajipunguza zenyewe hadi chache sana. Simu ya zamani iliyochoka haifiki huko. Tena kuna vioo ambavyo ukivitazama kutoka upande, au kutoka chini, picha yageuka rangi.

Halafu kuna jicho lenyewe. Mtu akitoka juani saa sita akaingia kanisani, haoni mahali pa kuketi. Baada ya kitambo aona kila kitu. Kanisa halikubadilika, jicho lake ndilo lililozoea. Vivyo hivyo atazamaye simu chini ya mwembe mchana, na atazamaye usiku katika chumba chenye taa ndogo, hawaoni picha moja.

Tena jicho hudanganywa na majirani wa rangi. Mwaka 1824 Michel Eugène Chevreul, mwanakemia Mfaransa, aliwekwa kuwa msimamizi wa rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kifumacho mazulia ya ukutani. Watu walinung'unika kwamba nyuzi nyeusi zake zimefifia. Akazipima, akaona hazina kosa. Zilionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa karibu nazo. Mwaka 1839 alitoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo. Kwa hiyo uso ule ule ukiwekwa mbele ya ukuta mweupe waonekana mweusi zaidi. Ukiwekwa mbele ya mlango wa giza waonekana kung'aa.

KOSA LINAPOANZIA

Sasa twaweza kumfahamu fundi wetu wa arusi. Afanya kazi usiku, umeme ukiwapo. Chumba ni giza, na kioo cha kompyuta kimewashwa mpaka mwisho. Macho yake yaona picha imezidi mwanga, naye aipunguza mpaka imependeza. Lakini alichopunguza si nguvu ya kioo chake. Amepunguza namba za picha. Asubuhi picha yafika kwa mjomba, katika simu iliyopunguzwa mwanga ili kuokoa betri, naye aona giza. Ikipelekwa kuchapwa ni vibaya zaidi, kwa maana karatasi haina taa ndani yake. Fundi mwingine ana kioo hafifu. Yeye huongeza namba, na shangazi mwenye simu mpya kali aona uso uliopauka. Kila mmoja amesahihisha kosa la mizani yake kwa kuharibu dhahabu.

Wenye viwanda waliitambua hatari hiyo. Mwaka 1993 makampuni manane yaliunda baraza la mataifa la kupatanisha rangi. Likaamua kwamba picha iweze kufuatana na maandishi mafupi ya kueleza namba zake zahesabiwaje, kama vile mzigo ufuatanavyo na barua yake. Mwaka 1996 Hewlett-Packard na Microsoft walipendekeza kipimo kimoja cha kawaida kiitwacho sRGB, ambacho kilithibitishwa kuwa kanuni ya mataifa mwaka 1999. Hicho ndicho kilichofikiri kioo cha candela 80, na gamma yake ni karibu 2.2. Ni hatua kubwa. Lakini programu nyingine huitupa ile barua, nyingine haziisomi, na wenye simu wengi wapenda kioo kinachong'aa kupita kiasi. Sheria ya mizani ikiwapo, bado wahitajika watu wa kuishika.

Hata kamera zenyewe zimeanza kutubu. Mwaka 2021 Google ilipotoa simu ya Pixel 6 ilitangaza kwamba kamera yake imefundishwa kwa picha nyingi zaidi za watu weusi, ili isiendelee kuwatia giza au kuwapausha. Twashukuru, ingawa neno hilo lilichelewa.

PICHA NI SHAHIDI

Mtu ataweza kusema, "Haya ni mambo ya urembo tu." Sivyo. Sisi wa Ituri twajua kwamba picha ni shahidi. Tarehe 14 Machi 2012 mahakama ya kimataifa ya La Haye ilipotoa hukumu katika kesi ya Thomas Lubanga juu ya watoto walioingizwa jeshini, majaji walitegemea pia video iliyopigwa tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya Rwampara, karibu na Bunia. Walitazama nyuso za watoto katika kioo, wakaona kwamba wengine walikuwa dhahiri chini ya miaka 15. Hatukumbushi jambo hilo ili kuamsha uchungu wa mtu yeyote. Twataka kusema tu kwamba uso ukionekana vizuri katika picha, waweza kumtetea mtu asiye na sauti.

Tena, ni jamaa ngapi zilizokimbia nyumba zao, zikabaki na picha moja tu ya marehemu baba katika simu? Picha hiyo ikinakiliwa vibaya, mahali pa giza hujaa giza na mahali pa mwanga huungua, na nakala ya nakala huzidi kupoteza. Tufikiri pia picha za Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na kutangazwa mwenye heri tarehe 15 Agosti 1985. Anayeinakili picha yake kwa haraka, akaipausha ili ing'ae, ametunyima uso wa binti wa nchi yetu jinsi Mungu alivyomuumba.

Hapo yafaa kutenga mambo mawili. Kurudisha mwanga uliopotea kwa sababu ya kivuli au kamera mbaya ni kutenda haki. Kumvika mtu ngozi isiyo yake ni uongo. Siku hizi kuna programu zinazolainisha na kuzifanya nyeupe nyuso zote bila kuulizwa. Bibi arusi akitazama picha yake akashindwa kujitambua, hakupambwa huyo, amefutwa.

MASHAURI MACHACHE

Kwa wale wanaotengeneza picha za parokia na za jamaa, twatoa mashauri haya.

Kwanza, punguza mwanga wa kioo kabla ya kuanza kazi. Weka karatasi nyeupe kando ya kompyuta, katika chumba chenye mwanga wa wastani. Kioo kisiwe kama dirisha la jua, wala kisiwe kama jivu. Weupe wake ukaribiane na weupe wa karatasi.

Pili, zima ile kazi ya simu au kompyuta ya kupunguza mwanga yenyewe, na ile ya kutia rangi ya manjano usiku, mpaka umemaliza.

Tatu, usiamini jicho peke yake. Programu nyingi za picha zina mchoro unaoonyesha namba ngapi ziko upande wa giza na ngapi upande wa mwanga. Mchoro huo hauchoki wala hauzoei giza. Ukiona namba za uso zimesongamana mwisho wa giza, ziinue polepole.

Nne, hifadhi picha katika kipimo cha sRGB, pamoja na barua yake. Kisha itazame katika simu mbili au tatu, nzuri na mbovu, kabla ya kuituma. Ikiwa yapendeza kidogo katika zote, ni bora kuliko kupendeza sana katika moja na kuharibika katika nyingine.

Tano, kabla ya kuchapa picha nyingi, chapa moja uitazame mchana.

Sita, kamwe usifute picha ya asili. Tengeneza nakala. Watoto wetu watakuwa na vioo vingine tusivyovijua, nao watahitaji namba zile za kwanza.

Na ninyi mnaopokea picha, msikimbilie kumlaumu fundi. Tokeni kwanza juani, ongezeni mwanga wa simu, ishikeni wima mbele ya macho, halafu mtazame tena. Mkiona bado uso wa mtu umepotea, mwambieni fundi kwa upole ni mahali gani. Mnunuzi mwenye haki hakasiriki akiombwa kupima mara ya pili. Na picha ya mtu yapita dhahabu yote ya Kilo, kwa sababu yabeba uso ulioumbwa kwa mfano wa Mungu.